Hodi Ndani ya Bomba

Wiki nzima walikuwa wakimcheka. Mtu mzima, kasoma mpaka kamaliza madarasa yote, halafu kazi yake ni kumulika bomba la maji mchana kweupe! Mafundi wa kituo cha pampu wakambandika jina la Dada Tochi, naye hakununa, maana jina lenyewe halikuwa na uongo mwingi. Alikuja kutoka chuoni na masanduku mawili, na ndani ya kila sanduku mlikuwa na jicho la leza lililolazwa kwenye sponji kama yai. Kila asubuhi aliyasimamisha macho yale juu ya stendi za miguu mitatu, akaelekeza vidoa viwili vyekundu kwenye chuma cha bomba, kisha akakaa mbele ya kompyuta akitazama mistari miwili ikipanda na kushuka.

"Hivi dada, humo unatazama nini?" Fundi Nanga alimwuliza siku ya kwanza.

"Bomba linavyotetemeka."

"Mbona mimi silioni likitetemeka?"

"Hata moyo wako sijauona ukidunda, fundi, lakini najua unao."

"Hapo ungemwuliza mke wangu kwanza," Nanga akasema, na mafundi wakaangua kicheko.

Lakini akawaeleza, polepole, kama mtu anayemenya chungwa. Sauti ikipita ndani ya maji hupiga ukuta wa bomba, na ukuta hucheza. Unacheza kidogo mno, unywele ni gogo mbele yake. Jicho la mtu haliwezi kuuona mchezo huo, ila mwanga wa leza ukienda ukagonga chuma na kurudi, hurudi na habari zote: chuma kimesogea lini, kwa kasi gani, mara ngapi. Mtu anasimama mbali, mkavu, hajalowesha hata kidole, naye anasikia yaliyomo majini.

"Ina maana hata nikiimba humo utanisikia?" aliuliza Kambare.

"Wewe ukiimba humo, hata samaki watahama."

Kambare alikuwa mpiga mbizi wa kituo, na alikuwa mdogo wake Dada Tochi, tumbo moja. Jina la Kambare alilipata utotoni, kwa vile kila mama yao alipomtafuta ilibidi amtoe kwenye maji kwa kumshika sikio. Fundi Nanga ndiye aliyemshikia kamba kila alipozama. Wawili hawa walifanya kazi kama mkono wa kulia na wa kushoto, na walikuwa na lugha yao ya majini waliyoiita hodi: mapigo matatu kwenye chuma, ngo, ngo, ngo, na aliyesikia hujibu papo hapo kwa mapigo matatu yale yale. Halikuwa jambo la kufikiria. Mkono ulijibu wenyewe, kama mdomo wa mtu aliye ndani ya nyumba unavyotamka karibu kabla hajajua ni nani aliye mlangoni.

Sasa, katika kumulika kwake, Dada Tochi akagundua kitu. Mahali fulani ndani ya bomba kubwa linalovuka korongo, kitu kilikuwa kinacheza. Kinagonga, kinatulia, kinagonga tena. Mkuu wa kituo aliposikia hakupoteza muda. Bomba likafungwa pande zote mbili, maji yakatulia ndani, na asubuhi iliyofuata Kambare akavaa vazi lake la mpira na mtungi wa hewa mgongoni ili akaangalie.

"Dada," alisema akiwa amekaa kwenye ukingo wa tundu la kuingilia, miguu ikining'inia, "nikikuta hakuna kitu humu, chakula cha mchana ni juu yako."

"Na ukikikuta?"

"Juu yangu."

"Ingia huko, samaki wewe."

Akaingia akicheka.

Bomba lile lilikuwa jeusi, nene, pana kiasi cha mtu kuogelea ndani. Lilianzia kituoni, likavuka korongo juu ya miguu ya zege, na katika kuvuka lilipanda juu ya miamba miwili, kwa hiyo lilikuwa na nundu mbili kama ngamia: nundu ya kituoni na nundu ya ng'ambo. Karibu na tundu la kuingilia, kwa ndani, kulikuwa na kilango cha chuma kinachoning'inia kwa bawaba. Kilango hicho ndicho kilichokuwa kinacheza. Kambare alikipita, akaenda kukagua mbele, na kwa kishindo kilichosikika hadi ofisini, bawaba iliyokuwa imelika ikakatika. Kilango kikaanguka kikaziba njia nyuma yake. Fundi Nanga alivuta kamba. Ikamjia mikononi, nyepesi, imekatwa kama uzi wa kushonea.

Hapo kicheko cha wiki nzima kikaisha.

Walijaribu kukisukuma kile kilango kwa nguzo, kwa jeki, kwa mabega ya watu. Kilikuwa kimebanwa na maji yote yaliyo nyuma yake. Kukata chuma cha bomba ni kazi ya siku nzima, na mtungi wa Kambare ulikuwa wa kazi fupi. Nanga akavuka korongo mbio kwa daraja jembamba la mafundi, maana aliamini kamba ilipokatika Kambare alikuwa upande ule. Mkuu akapiga simu huku na huku. Na mama akaitwa.

Mama yao alifika hana viatu. Kavivua njiani, alisema baadaye, vilikuwa vinamchelewesha. Alikuwa mjane wa miaka mingi, mwanamke asiyepiga kelele hovyo, na watu walimpisha bila kuambiwa. Akaenda moja kwa moja kwenye bomba, akaweka kiganja juu ya chuma, akafumba macho.

"Mungu wangu," alisema, wala si kwa sauti kubwa, "huyu ulinipa Wewe mwenyewe, sikuomba kwa jirani."

Ngo. Ngo. Ngo.

Mama akafumbua macho. Kutoka ng'ambo Nanga naye akasikia, na spana yake ikajibu papo hapo: ngo, ngo, ngo! Mafundi waliokuwa wamesimama kama waliomwagiwa maji baridi wakarukaruka na kukumbatiana.

"Yu hai! Kambare yu hai!"

"Kapata hewa," mkuu wa kituo alisema. Alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka, asiyevua kizibao chake cha kung'aa hata akiwa ofisini. Mafundi walisema analala nacho. "Hewa iliyobaki ndani hukimbilia juu. Amejificha kwenye nundu. Kichwa kiko nje ya maji, anapumua."

"Basi mtoeni," mama akasema.

"Mama yangu, hapo ndipo pagumu. Yuko nundu gani?"

Akamweleza, na Dada Tochi akasikiliza. Njia ya kumtoa ni kupunguza maji, na maji yakipungua kilango kitalegea chenyewe. Koki za kutolea maji zilikuwa mbili, moja kila upande wa korongo, na nyuma ya kila koki kulikuwa na wavu wa chuma. Ukifungua koki iliyo mbali na mtu, maji yatashuka taratibu na yeye atabaki amejishikilia juu. Ukifungua iliyo karibu naye, maji yatamvuta kama jani na kumbana kwenye wavu.

"Kwani sauti inatoka wapi?" mama aliuliza.

"Weka sikio hapa, mama. Sasa sogea pale. Unasikia? Inatoka kila mahali. Chuma kinaikimbiza sauti mpaka sikio halijui imeanzia wapi."

Dada Tochi alikuwa ameshaanza kukimbia. "Sikio halijui," alisema akinyanyua sanduku la kwanza, "lakini mwanga unajua! Nisaidieni kupandisha hivi vitu juu ya paa! Mkuu, zima pampu!"

"Zote?"

"Zote! Zikitetemesha paa nitapima paa."

Mkuu hakuuliza mara mbili. "Zima!" akaunguruma. "Watu wa mjini wakipiga simu, waambieni mkuu wenu kachanganyikiwa!"

Pampu zikafa moja baada ya nyingine, na kituo ambacho hakijawahi kunyamaza kikawa kimya hata mtu akasikia nguo zake zikisugana. Juu ya paa bapa la nyumba ya pampu, ambako nundu zote mbili zilionekana wazi, Dada Tochi akasimamisha stendi zake juu ya mifuko ya mchanga. Jicho moja likatazama nundu ya kituoni, jicho la pili nundu ya ng'ambo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Hodi ikipigwa, nundu aliyomo Kambare itacheza kwanza, na ile nyingine baadaye. Tofauti yenyewe ni ndogo, kufumba jicho ni safari ndefu ukilinganisha nayo, lakini kwa leza inatosha na kubaki.

Wakangoja. Mstari wa juu, kituoni. Mstari wa chini, ng'ambo. Yote miwili imelala.

Kisha ikaruka! Vilima vitatu, vikubwa, safi, vimesimama kama vimechorwa na rula. Akavikuza kwenye kioo. Mstari wa chini ulikuwa umetangulia, bila ubishi wowote.

"Ng'ambo!" akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Yuko nundu ya ng'ambo!"

Chini, watu wakalipuka kwa furaha. Mkuu akaruka ngazi kuelekea koki ya kituoni, ile iliyo mbali na nundu ya ng'ambo. Mama akainua mikono yake juu. Dada Tochi, machozi yakimtiririka huku anacheka, akageuka kumpungia Fundi Nanga kule ng'ambo ya korongo amshirikishe ile furaha. Nanga hakumwona. Alikuwa ameinamia bomba, na mkono wake wenye spana ulikuwa unainuka tena kugonga. Ukashuka.

Na kwenye kioo, palepale, kilima kikaruka.

Mkono ukainuka, ukashuka. Kilima. Ukainuka, ukashuka. Kilima.

Akakimbilia ukingo wa paa.

"Usifungue!" Hakujua kama ni yeye aliyepiga ukelele ule. "Mkuu! Usiguse hiyo koki! Toa mkono! Toa!"

Mkuu alikuwa ameshashika gurudumu la koki kwa mikono miwili. Akaliachia kama limemchoma moto.

"Nini tena?"

"Nimempima Nanga! Sikumpima Kambare, nimempima Nanga!"

Ndivyo ilivyokuwa. Leza haikudanganya hata kidogo. Iliulizwa nani anagonga, ikamtaja aliyegonga kwa nguvu zaidi. Dada Tochi akarudisha nyuma mistari yake na kutazama kabla ya vile vilima vikubwa. Hodi ya Kambare ilikuwepo, vilima vidogo vidogo kama nyayo za sisimizi, ila kabla mitetemo yake haijatulia mkono wa Nanga ulikuwa umeshajibu. Jibu lilikuwa limeikanyaga hodi, likaisaga, hata isionekane ilianzia nundu ipi. Ni kosa ambalo watu wengine wasingelifanya. Ni wao tu, waliozoeana hivyo, ndio waliojibizana upesi kiasi kile.

Akampigia Nanga simu. "Fundi, nakuomba kitu. Akibisha hodi tena, usijibu."

Kule ng'ambo spana ya Nanga ikashuka nusu, ikainuka tena.

"Fundi?"

"Siwezi, dada."

"Unaweza. Weka spana chini tu."

"Hujaelewa." Sauti ya Nanga, mtu wa utani asubuhi hadi jioni, ilikuwa imekauka. "Tuna mapatano mimi na yeye. Hodi tatu bila jibu, maana yake juu hakuna mtu. Hukai tena. Unaondoka ulipo, unatafuta njia mwenyewe. Akitoka kwenye hewa ile akaingia gizani na kile kimtungi kilichobaki..." Hakumalizia.

Dada Tochi akakaa chini juu ya paa. Kisha akasimama, maana kukaa kulikuwa hakusaidii.

"Basi tunazo tatu. Mbili anyamaziwe, na ya tatu ijibiwe pale pale kabla hajakata tamaa. Nikiipata mapema, nitakuonyesha. Nitainua mtandio wangu juu: kimya. Nikiushusha: jibu, tena jibu kwa nguvu zako zote. Usingoje simu, simu inachelewa. Tazama mtandio."

"Nautazama," Nanga akasema. "Sifumbi jicho."

Habari zikashuka chini, mdomo kwa mdomo. Watu wakavua viatu. Fundi mmoja mwenye kikohozi akajipeleka mwenyewe mbali barabarani bila kuambiwa. Akabaki mama, kiganja bado juu ya chuma.

"Mama, toa mkono, tafadhali," binti yake alisema kutoka juu. "Na ukisikia hodi, usigonge, usiite."

Mama akainua uso. "Mwanangu anabisha hodi, mimi mama yake ninyamaze?"

"Ukinyamaza, mama, ndipo nitakapomsikia."

Mama alimtazama binti yake kwa muda, kama anavyomtazama mtu anayempima kwa macho kabla ya kumkabidhi kitu. Akatoa kiganja kwenye bomba. Akaketi kwenye ngazi ya zege, mikono akaibana kwapani.

"Haya. Nitaongea na Mwingine," akasema.

Mtandio ukapanda juu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mstari wa ng'ambo ukatikisika. Mstari wa kituoni ukazimika kabisa, ukawa vumbi tupu! Dada Tochi akakimbilia jicho la kwanza, akachungulia. Bomba lilikuwa limetoka jasho. Maji baridi ndani, jua nje. Nundu ya kituoni yote imelowa matone, na mwanga ulipofika ulitawanyika huku na kule, haukurudi.

"Kituoni pamelowa!" akasema kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika kila pembe. "Sioni kitu! Nataka kitu kinachorudisha mwanga, kikavu, kibandikwe pale palipo na kidoa chekundu!"

Mkuu wa kituo alitazama nundu. Akajitazama kifua. Kisha, mbele ya mafundi waliokuwa wakiapa kwamba kile kizibao kimeota mwilini mwake, akakivua, akang'oa kwa meno utepe mmoja wa kung'aa, akaweka gundi ya mabomba mfukoni na kuanza kupanda bomba kwa magoti na viwiko kama mjusi. Suruali yake ya ofisini ikachanika nyuma. Hakuna aliyecheka, ingawa baadaye walicheka sana.

Akafika juu. Akafuta jasho la chuma kwa shati. Akapaka gundi, akaubandika utepe, akaukandamiza kwa kiganja.

Ngo. Ngo. Ngo.

Hodi ya pili. Kiganja cha mkuu kilikuwa bado juu ya utepe, na mwanga ulikuwa umeishia kwenye vidole vyake.

Kule ng'ambo Nanga alikuwa ameuma mdomo mpaka ukatoka damu. Spana iko juu, macho kwenye mtandio. Mtandio haukushuka. Mama kwenye ngazi alikuwa amefumba macho, midomo ikienda upesi upesi bila sauti. Moja zaidi. Moja tu, na isipojibiwa, mtoto anaondoka.

"Toa mkono, mkuu," Dada Tochi akanong'ona. "Lala hapo hapo. Usipumue kwa fujo."

Mkuu akalala kifudifudi juu ya nundu, shavu kwenye chuma, mikono imening'inia kando. Kidoa chekundu kikaangukia utepe na kuwaka kama kaa la moto. Na mistari, mistari yote miwili, ikalala chini myembamba na safi, hadi Dada Tochi akaogopa kuitazama kwa nguvu asije akaitikisa.

Wakangoja.

Alifikiri habari nyingi kwa wakati mmoja. Kwamba ni yeye aliyesikia kile kilango kikicheza. Kwamba mdogo wake sasa amegonga mara mbili, na mara mbili dunia imemnyamazia, naye yuko gizani akijiuliza kama juu kumebaki mtu. Bisha, alimwambia moyoni. Bisha mara moja, mtoto wa mama, bisha.

Ngo.

Mstari wa juu ukainuka. Kisha, nyuma yake kidogo, wa chini.

Ngo.

Wa juu. Wa chini.

Ngo.

Wa juu! Wa chini!

Mtandio ukashuka kwa nguvu mpaka ukamponyoka na kupeperuka kutoka juu ya paa, na kutoka ng'ambo Fundi Nanga akajibu. Alijibu kama mtu anayevunja mlango: NGO! NGO! NGO! Kisha, kinyume cha mapatano yote, akaongeza mengine mengi ya bure, huku analia na kucheka na kumtukana Kambare matusi ya mapenzi.

"Kituoni!" Dada Tochi alikuwa anaruka juu ya paa. "Yuko kwetu! Yuko nundu ya kituoni! Mkuu, umemlalia!"

"Nimemsikia!" mkuu akapaza sauti bila kuinua shavu. "Nimemsikia tumboni! Nilidhani ni tumbo langu!"

"Nanga! Fungua ya kwako! Ya ng'ambo! Fungua taratibu!"

Gurudumu la koki ya ng'ambo likalia kutu, likazunguka, na maji yakatoka. Kwanza utepe mwembamba, kisha mkono mnene mweupe ulioruka na kupiga mawe ya korongo kwa ngurumo. Dada Tochi hakushuka. Aliendelea kutazama mistari, maana sasa hakuna aliyemkataza Kambare kugonga na Nanga kujibu, na kila hodi mstari wa juu ulitangulia. Yuko palepale. Bado yuko palepale. Amejishikilia. Mkuu naye hakushuka. Alisema atashuka mwenye nyumba akitoka.

Maji yakapungua. Kilango kikaguna. Wanaume wakaingiza nguzo, wakasukuma kwa pamoja, na safari hii kikakubali, kikaanguka kando kwa kishindo. Nanga alikuwa ameshavuka daraja, wala hakuna aliyejua alivukaje upesi vile. Kamba mpya ikaingia tunduni. Ikakazwa kutoka ndani. Ikavutwa.

Kisha ikasimama, na kwenye ukingo wa tundu, kutoka upande wa ndani, kukasikika: ngo, ngo, ngo.

Mikono yote iliyokuwa na spana ikaganda, kwa mazoea ya ile hofu. Mama ndiye aliyejibu.

"Karibu!" alisema, na sauti aliyoibana kwapani muda wote ikatoka yote pamoja. "Karibu, baba! Karibu, pita ndani, karibu!"

Kambare akatoka. Midomo imepauka, vidole vimekunjamana, kisu kimevunjika ncha kwa kugonga. Mama akamfunika kwa kitambaa chake mwenyewe, akamshika lile sikio la zamani, akaliachia, akalishika tena.

"Hodi mbili nzima mkaninyamazia," Kambare alisema, meno yakigongana. "Nikajua tu mmekwenda kula."

"Muulize dada yako," Nanga akasema. "Mimi nimefungwa mdomo na mtandio."

"Ungeondoka kweli?" Dada Tochi aliuliza. Alikuwa ameshuka, ameshika kompyuta kifuani kama mtoto mchanga.

Kambare akajikunja ndani ya kitambaa. "Nilikuwa nimeshatia mpira wa mtungi mdomoni," akasema. "Nikasema nibishe hii ya mwisho, kwa adabu tu."

Mama alitazama juu mara moja, akatikisa kichwa kama mtu anayeshukuru jirani, kisha akamgeukia binti yake.

"Nionyeshe."

"Nini, mama?"

"Hiyo tochi yako. Nionyeshe mwanangu alipobisha."

Dada Tochi akapiga magoti, akaiweka kompyuta kwenye ngazi, akaonyesha vilima vitatu vidogo kwenye mstari wa juu. Mama akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Akapitisha kidole juu yake, polepole, kilima cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Hii ndiyo sauti yake?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Na hiki kikubwa cha huku?"

"Hicho ni Fundi Nanga."

Mama akatazama kile kikubwa, akatazama vile vidogo, akamtazama mwanawe aliyekuwa akitetemeka ndani ya kitambaa.

"Mbona ya kwako imekonda hivi?" akasema. "Wewe mtoto huko kazini huli? Inuka. Nyote inukeni, twendeni mkale."

"Chakula ni juu yake," Dada Tochi akasema akimnyooshea mdogo wake kidole. "Kitu kilikuwepo."